Kuandikishwa Bila Kuomba: Daftari la Wapiga Kura Katika Ngara na Biharamulo

Katika mwezi wa Agosti 2024, kuanzia tarehe 5 hata tarehe 11, wakazi wa Mkoa wa Kagera waliitwa vituoni kujiandikisha, au kurekebisha habari zao, katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kazi iliyosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Na miezi miwili baadaye, kuanzia tarehe 11 hata tarehe 20 Oktoba, watu wale wale wakaitwa tena kuandikisha majina yao katika orodha nyingine, ya uchaguzi wa serikali za mitaa, iliyosimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mkulima wa Rulenge aliyetaka kumchagua mwenyekiti wa kitongoji chake, kisha amchague Rais wa nchi yake, alipaswa kusimama katika safu mbili, mbele ya waandishi wawili wa dola moja, athibitishe mara mbili jambo lile lile: kwamba yeye ni raia, kwamba ametimiza umri wa miaka 18, na kwamba anakaa pale anaposema anakaa.

Swali linalozaliwa hapo si dogo, wala si la wanasheria peke yao. Dola ambayo imekwisha mpa mtu namba ya utambulisho, ikasajili laini yake ya simu kwa alama za vidole vyake, ikamhesabu katika sensa ya mwaka 2022, na mwaka huo huo ikapita mitaani na vijijini kuzipa nyumba anwani za makazi, je, yafaa iendelee kumngoja mtu huyo aje kuomba aandikwe kuwa mpiga kura, au yapasa imwandike yenyewe siku anapotimiza umri? Njia hii ya pili ndiyo iitwayo uandikishaji wa moja kwa moja, na makusudi ya makala haya ni kuieleza, kisha kuipima katika wilaya mbili za Kagera, Ngara na Biharamulo, ambako ugumu wake wote unaonekana wazi kuliko mahali pengi. Rai yangu, ambayo nitaijengea hoja, ni kwamba njia hiyo ni ya insafu na yatupasa kuielekea, lakini kwa sharti moja lisiloachika: kuingizwa daftarini kuwe kazi ya serikali, na kuondolewa daftarini kuwe kazi ya hakimu.

Ziko kawaida mbili duniani za kutunga daftari la wapiga kura. Katika kawaida ya kwanza mzigo ni wa raia: sheria humpa haki, lakini haki hiyo hulala mpaka yeye mwenyewe aende kituoni, ajaze fomu, na apewe kadi. Katika kawaida ya pili mzigo ni wa serikali: orodha ya wapiga kura huchukuliwa katika daftari jingine ambalo serikali inalo tayari, na raia hupata taarifa kwamba jina lake limo, akiwa na hiari ya kulikosoa au kulitoa. Sweden hufanya hivyo kwa daftari la wakazi linalotunzwa na mamlaka ya kodi, na Ujerumani kwa madaftari ya wakazi ya miji na vijiji, ambamo kila anayehamia mahali hulazimika kujiandikisha, na kwa sababu hiyo Mjerumani hutumiwa barua ya kumwita kupiga kura bila ya yeye kuomba chochote.

Huko Marekani, ambako kila jimbo lina sheria zake za uchaguzi, jimbo la Oregon lilitangulia wenzake kwa sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa Machi 2015 na kuanza kazi Januari 2016. Mtu aendapo ofisi ya leseni za udereva akaonyesha hati zinazothibitisha uraia wake, habari zake hupelekwa kwa wasimamizi wa uchaguzi, naye huandikiwa barua ya kuarifiwa. Sheria hiyo ilimpa siku 21 za kujitoa kama hakutaka. Kabla ya uchaguzi wa Novemba mwaka huo watu zaidi ya laki mbili walikuwa wameandikwa kwa njia hiyo, na karibu laki moja kati yao wakapiga kura. Chile ilifanya mageuzi kama hayo mwaka 2012, na daftari lililokuwa na watu milioni 8 hivi likapanda kupita milioni 13. Lakini kwa kuwa sheria hiyo hiyo iliondoa ulazima wa kupiga kura, katika duru ya pili ya uchaguzi wa Rais wa mwaka 2013 zaidi ya nusu ya walioandikwa hawakwenda kituoni. Tunajifunza kutoka huko kwamba kuandikwa kwa wepesi huondoa kizuizi kimoja tu, na aliyeingia daftarini bado atauliza ni nani anayesimama, na kura yake itahesabiwaje. Daftari jema halitibu maradhi yote ya uchaguzi, lakini daftari baya huyatangulia yote.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Tume ya Uchaguzi ya Rwanda hutunga orodha yake kutokana na daftari la vitambulisho vya taifa, na raia huikagua kwa simu yake ya mkononi kuona kama jina lake limo na kituo chake ni kipi, akaomba kuhamishwa ikiwa amehama. Jambo la kuzingatia ni utaratibu wa hatua zao: Rwanda walianza kwa kueneza kitambulisho hata kikawa mkononi mwa karibu kila mtu mzima, kisha ndipo wakajenga juu yake orodha ya kura. Nyumba ya pili ilipata msingi katika ile ya kwanza.

Kwetu Tanzania mambo yalifuata njia nyingine. Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, na kuliagiza Bunge liweke masharti ya kuwapo kwa daftari la kudumu. Daftari hilo likaanza kuandikwa mwaka 2004. Mwaka 2015 likaandikwa upya kwa mashine za kupima alama za mwili, kazi iliyoanzia Makambako, mkoani Njombe, mwezi wa Februari, nayo ikaenda polepole kuliko ilivyotarajiwa, hata kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili mwaka huo, ikaahirishwa kwa kuwa daftari halikuwa tayari. Sheria inaitaka Tume kuliboresha daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Na katika zoezi la karibuni, lililoanzia Kigoma tarehe 20 Julai 2024, vilifunguliwa nchini vituo zaidi ya elfu 40, kila kimoja kwa siku saba. Kufikia uchaguzi wa Oktoba 2025 walioandikwa walikuwa wamepita milioni 37.

Ni hesabu kubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili sifa yao. Lakini msomaji na aiweke karibu na hesabu nyingine. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kuzindua vitambulisho vyake Februari 2013, imekwisha toa namba kwa watu zaidi ya milioni 20, idadi isiyo haba, lakini iliyo pungufu sana mbele ya wale waliomo katika daftari la kura. Maana yake ni kwamba katika nchi yetu daftari la kura limelipita daftari la vitambulisho, na mamilioni ya watu wazima wanajulikana na Tume ambao NIDA haijawapa namba. Lau tungeamua kesho kwamba mpiga kura ni yule tu aliyemo katika daftari la NIDA, tungekuwa tumewatoa watu kwa jina la kuwaingiza. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila uchunguzi wa suala hili hauna budi kulijua.

Ili kuielewa thamani ya kituo cha kijijini, yafaa tukitazame kwa karibu. Katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, au chini ya paa la darasa, huwekwa meza moja. Nyuma yake wako mwandishi msaidizi na mwendesha kifaa, na pembeni mawakala wa vyama vya siasa. Mtu huulizwa jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, kijiji na kitongoji chake. Habari zikaandikwa katika fomu, kisha zikaingizwa katika mashine. Akapigwa picha, akaweka sahihi, na vidole vyake vikabanwa juu ya kioo cha kusomea. Hapo ndipo aghalabu kazi husimama. Ngozi ya vidole vilivyoshika jembe tangu utotoni imesuguliwa hata mistari yake imefifia, na mwendesha kifaa humwomba bibi apanguse mkono, ajaribu tena, abadili kidole, huku safu nje ikirefuka. Mwisho kadi huchapwa pale pale, nayo huchukuliwa nyumbani na kufungwa katika nailoni, kwani kwa wengi wa vijijini kadi ya mpiga kura imekuwa hati ya pekee yenye picha yao waliyopata kuwa nayo. Kinachomtambulisha mtu pale mezani hasa ni majirani: mwenyekiti wa kitongoji anayemjua, na wakala wa chama anayeweza kuuliza. Mashine hunasa alama, lakini ithibati ya uraia hutoka vinywani mwa watu.

Basi mfumo wa moja kwa moja, ukiletwa Ngara, utabadilisha chimbuko la ithibati hiyo, ukaiondoa kwa majirani na kuitia katika makaratasi. Na Ngara ni wilaya ambayo makaratasi yake hayajapata kuwa sawa na watu wake. Imepakana na Burundi na Rwanda. Wahangaza na Washubi, wenyeji wake, husema lugha zinazosikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Na sehemu ya Bugufi ilikuwa katika himaya ya mwami wa Burundi mpaka Waingereza na Wabelgiji, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walipogawana nchi zilizokuwa za Wajerumani, ikabaki Tanganyika hali mwami akiidai. Mpaka ulichorwa juu ya koo zilizokuwa zikioana, wala kuoana hakukukoma kwa sababu ya mstari. Kwa hiyo afisa anayetaka kumjua raia kwa matamshi yake, au kwa jina la babu yake, ataona kwamba Ngara alama hizo hazimpi yakini yoyote.

Juu ya historia hiyo ikaja nyingine, ya wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka Rusumo wakiyakimbia mauaji na vita, na Benaco, mahali palipokuwa kambi ya wajenzi wa barabara, pakageuka mji wa mahema. Warundi nao wakawa na kambi zao, mojawapo Lukole. Serikali iliwataka Wanyarwanda kurejea kwao kabla ya mwisho wa Desemba 1996, na kambi za Warundi zikafungwa miaka iliyofuata. Lakini shaka ilibaki nyuma. Mwaka 2013, baada ya agizo lililotolewa na Rais mwezi wa Julai alipokuwa ziarani Kagera, ilifuata Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, mwezi wa Septemba katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya watu wakarudishwa ng'ambo. Mashirika ya haki za binadamu yakaripoti kwamba miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini miaka mingi, waliooa au kuolewa na Watanzania, na waliosema wao wenyewe ni raia. Sitaki kuipuuza haki ya dola kulinda mipaka yake. Majambazi waliokuwa wakiteka magari katika mapori ya Biharamulo hawakuwa hadithi. Nataka tu msomaji aone kwamba katika wilaya hizi neno la mwandishi mmoja juu ya uraia wa mtu laweza kumgharimu zaidi ya kura.

Tuchukue kijana wa mfano, aliyezaliwa nyumbani katika kata ya Kabanga kwa mikono ya mkunga wa jadi. Baba yake ni Mhangaza wa hapo hapo. Mama yake alitolewa mahari upande wa Muyinga, huko Burundi. Cheti cha kuzaliwa hana, kama ambavyo wengi wa rika lake hawana, kwani uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliona kwamba watoto 16 tu kati ya 100 walio chini ya miaka mitano ndio waliosajiliwa. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kijana huyu ni raia wa kuzaliwa, maadam mmoja wa wazazi wake ni raia; lakini ili kuuthibitisha uraia wa baba, aweza kuulizwa juu ya babu, na kwa kanuni ya Uhuru, mwaka 1961, babu alikuwa raia ikiwa alizaliwa Tanganyika na mmoja wa wazazi wake naye kazaliwa Tanganyika, ilhali zama hizo usajili wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika. Mnyororo wa hati anaotakiwa kuuonyesha haukupata kufuliwa. Mbele ya majirani wa Kabanga uraia wake hauna shaka hata chembe. Mbele ya daftari la hati, hana alichoshika.

Biharamulo ni mas'ala mengine. Wilaya hii haigusani na nchi ya kigeni, na swali lake kubwa ni wapi raia anakaa kuliko nani ni raia. Miaka mingi imepokea wafugaji na wakulima kutoka Usukumani na Uha, waliofuata malisho na ardhi. Imepokea wachimbaji wa dhahabu wanaohama na mshipa wa mwamba. Na Nyakanazi, njia panda ya magari yaendayo Rusumo, Kabanga, Kigoma na Mwanza, imekusanya wachuuzi, mafundi na mama lishe waliotoka kila upande. Kwa kuwa kura ya diwani ni ya kata na ya mbunge ni ya jimbo, daftari halitoshi kujua kwamba mtu ni Mtanzania. Sharti lijue kwamba yuko Lusahunga na si Bariadi. Namba ya NIDA hubeba habari za mahali alipokuwa mtu siku aliposajiliwa, na hakuna kitu kinachomvuta kwenda kuzibadilisha anapohama. Ukiandika wapiga kura kwa habari hizo, utampa mchimbaji wa Biharamulo kituo cha kupigia kura mkoani Simiyu, naye siku ya uchaguzi, akikuta jina lake haliko, ataona kwamba serikali imemnyima haki, kumbe imempa mahali asipoweza kuifikia. Anwani za makazi zilizowekwa mwaka 2022 zaweza kuwa dawa, kwa sharti ziunganishwe na mtu na si nyumba peke yake, na mtendaji wa kijiji apewe uwezo wa kuandika ahamaye na ahamiaye.

Wilaya zote mbili zinashirikiana katika taabu ya tatu, nayo ni wafu. Maiti huzikwa nyumbani, kando ya migomba, kwa heshima zote za dini na mila. Lakini cheti cha kifo hutafutwa tu panapokuwa na mirathi ya benki au mafao ya kazi. Daftari linalopokea vijana kila siku bila ya kuwaaga wazee waliofariki litavimba, na daftari lililovimba huzaa tuhuma, kwa sababu kila jina la marehemu ni kura ambayo mtu mwenye nia mbaya aweza kuitamani. Uandikishaji wa moja kwa moja bila ya usajili wa vifo ni nusu ya kazi.

Kuhusu makosa ya kuingiza na makosa ya kuacha, ushuhuda wa wenzetu unafaa kusikilizwa kwa makini. Oregon, pamoja na sifa zake, iligundua mwaka 2024 kwamba watu zaidi ya 1,200 wasiothibitishwa kuwa raia walikuwa wameingizwa katika orodha, hasa kwa sababu makarani wa leseni walichagua aina isiyo sahihi ya hati walipokuwa wakiingiza habari, pasipoti ya kigeni ikahesabiwa ya nyumbani. Na wengi wa watu hao hawakuwa wameomba kuandikwa, wala hawakujua kwamba wamo. Hapa pana funzo zito kwa Ngara: mgeni aliyeandikwa na serikali bila ya kuomba asiadhibiwe kwa kosa la serikali, na sheria yoyote itakayotungwa isipomkinga itamtia hatiani mtu asiyenuia ovu lolote.

Kenya nao wana ushuhuda wa upande wa pili. Katika kaunti ya Garissa na jirani zake, maelfu ya Wakenya wa asili, wengine wakiwa watoto nyakati za ukame, waliandikwa katika daftari la wakimbizi ili wapate chakula na matibabu katika kambi. Walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ilizikuta alama za vidole vyao kwa wakimbizi, ikawakataa, na kwa kukosa kitambulisho wakakosa kura. Mashine haikukosea kusoma. Ilisoma sawasawa habari ambayo haikuwa na maana iliyodhaniwa. Zanzibar, ambako Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimekuwa ndio ufunguo wa kuandikwa mpiga kura, waangalizi wa chaguzi mbalimbali wameripoti malalamiko ya watu waliokikosa kitambulisho na kwa hivyo wakaikosa kura. Chekeche lenye matundu madogo mno huzuia unga pamoja na pumba, na anayelishika aweza kuridhika kwamba pumba hazikupita, asijue ni kiasi gani cha unga kilichomwagwa.

Je, uchunguzi wa haki wa jambo hili ungefanywaje? Wataalamu wa madaftari wana kipimo cha pande mbili, ambacho ni chepesi kueleweka. Upande wa kwanza huanzia orodhani kwenda kwa watu: huchaguliwa kwa bahati majina kadhaa katika daftari la Rusumo, Rulenge au Nyakahura, kisha wachunguzi wakaenda kuwatafuta wenye majina hayo, wapate kujua ni wangapi wako hai, wangapi wamehama, na wangapi hawajulikani. Upande wa pili huanzia kwa watu kwenda orodhani: huchaguliwa kaya kadhaa, wakahesabiwa watu wazima wote waliomo, kisha wakatafutwa katika daftari, ijulikane ni wangapi walioachwa, na ni akina nani. Kipimo cha kwanza huonyesha usahihi wa daftari, cha pili huonyesha utimilifu wake. Na nchi inayofanya kimoja na kuacha kingine imefumba jicho moja.

Ningependa kipimo hicho kifanywe juu ya madaftari matatu kwa pamoja, lile la Tume, la NIDA na lile la vizazi la RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kaya kwa kaya, katika wilaya hizi mbili, na majibu yatangazwe kwa kata. Tutapenda kujua kama wanawake walioolewa mbali na kwao wanapungua katika daftari moja kuliko jingine, kama vijana wa miaka 18 hata 21 wanakosekana, kama vitongoji vya mpakani vina namba za NIDA chache kuliko vya mjini, na maombi yaliyosimamishwa kwa ajili ya uchunguzi wa uraia hukaa muda gani kabla ya kupata jibu. Na kwa kuwa Ngara ilikuwa na kambi, uchunguzi uulize waziwazi kama wako wenyeji ambao majina yao yaliingia katika orodha za wakimbizi, ili yasitokee kwetu yale ya Garissa.

Kwa haya yote, naona njia ya kuifuata ni hii. Mtu mwenye namba ya NIDA iliyotolewa kwa raia aingizwe katika daftari la kura siku anapotimiza miaka 18, apelekewe ujumbe kwa simu na kwa mtendaji wa kijiji chake, aweze kusahihisha kituo chake au kujitoa. Asiye na namba asiguswe na badiliko hili: kituo cha kijiji, meza yake na mashahidi wake vibaki kama vilivyo, na aliyeandikwa kwa mlango huo awe sawa na aliyeandikwa kwa ule mwingine. Orodha ya serikali za mitaa na daftari la Tume viwe kitu kimoja, ili mtu asiulizwe mara mbili. Vizazi na vifo viandikwe ngazi ya kata na zahanati bila ya gharama wala safari ya mjini, kwani mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, umekwisha onyesha kwamba kazi hiyo yawezekana karibu na wananchi. Na azma ya serikali ya kumpa kila mtu namba moja tangu kuzaliwa, iitwayo Jamii Namba, ianze pale ambapo mnyororo wa hati umekatika zaidi.

Ama juu ya pingamizi, hapo ndipo sharti nililolitaja mwanzo linapobeba uzito wake. Jina likiisha kuingia, lisifutwe na mashine wala na barua ya ofisi. Anayedai kwamba fulani si raia ndiye alete hujja, mbele ya hakimu, katika wilaya anayokaa mshitakiwa, naye mshitakiwa asikilizwe kabla ya hukumu, mashahidi wa kijiji chake wakipokelewa sawa na karatasi. Na mpaka hukumu itoke, jina libaki. Kwa utaratibu huo dola haipotezi ulinzi wake wowote, kwa sababu asiye raia bado aweza kuondolewa. Kinachobadilika ni kwamba shaka pekee haitoshi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mengi kwa wilaya mbili za pembezoni, na kwamba ingefaa kuanzia Dar es Salaam, ambako kila mtu ana simu na namba. Mimi naona kinyume. Mfumo utakaojaribiwa mahali ambapo mambo ni mepesi utasifiwa kabla ya kujulikana, kisha utaletwa mpakani ukiwa umekwisha tungiwa sheria, na makosa yake yatawaangukia wasio na wakili. Ujaribiwe kwanza Ngara, penye swali la uraia, na Biharamulo, penye swali la makazi, mapema kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2030, kukiwa na muda wa kusahihisha. Mwaka 1958, katika uchaguzi wa kura tatu, mkoloni alimtaka Mwafrika aonyeshe kipato, elimu au cheo kabla ya kuandikwa mpiga kura, na nchi nzima ikapata wapiga kura wasiofika elfu 60. Uhuru ukaziondoa sifa hizo, ukaacha uraia na umri. Viwili hivyo ni mambo ambayo dola ina wajibu wa kuyajua yenyewe, na kila hati inayomdai raia wa Kabanga au Lusahunga ili imwamini, hali yenyewe haikumpa hati hiyo alipozaliwa, ni deni la dola kwake, wala si lake kwa dola.